Marahaba ya Vipande Viwili

Nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa bado kwenye korido ya wodi, nimekumbatia karatasi za wagonjwa, na pazia la kijani lilikuwa limevutwa kuzunguka kitanda cha saba. Nyuma ya pazia kulikuwa na sauti ya kitu kinachokokotwa: kinakokotwa, kinasimama, kinakokotwa tena. Mtu asiye wa kazi hii angedhani mfagizi anasogeza ndoo. Mimi nilijua ni kifua cha binadamu. Nilijua hata kabla ya kugusa pazia kwamba mwenye kifua hicho amekaa, hajalala, na kwamba ameshikilia kitu kwa mikono miwili.

Nikavuta pazia. "Shikamoo, mzee."

"Mara," akasema Mzee Ramadhani, fundi cherehani wa Ujiji. Akatafuta pumzi, akaipata. "Haba."

Nikaandika kwenye karatasi yake mpya kwamba anapumua mara ishirini kwa dakika, nikaenda kitanda cha nane.

Nyinyi mnaoanza uuguzi, mliovaa sare ambazo bado zina mikunjo ya dukani, nimeombwa niwaandikie niliyojifunza katika kuwahudumia watu wazima wanaoumwa. Nitawaandikia. Lakini jueni tangu mwanzo kwamba asubuhi ile Mzee Ramadhani alikufa, na kwamba muuguzi aliyefukuzwa kazi kwa kifo chake aliitwa Zainabu, naye hakuwa na kosa. Zainabu alihesabu pumzi za mzee yule. Mimi sikuhesabu. Aliyeondoka ni yeye. Mimi nilibaki mpaka nikastaafu, nikaagwa kwa keki na saa ya ukutani. Saa hiyo nimeigeuzia ukutani.

Naitwa Elia, Muha wa Mwandiga, makazi yangu ni Katubuka, na maisha yangu yote ya kazi nimeitwa daktari bila kuwa daktari. Mwanamume mwenye koti jeupe huku kwetu ni daktari tu, hata akiwa amebeba beseni la kinyesi. Zainabu aliweza kuupata mshipa wa bibi aliyekaukiwa maji, kwa jaribio la kwanza, bibi mwenyewe akiendelea na hadithi yake, na bado wakamwita "we binti." Mimi nikipita napiga miayo, "Dokta! Dokta!" Mwanzoni nilikuwa nasahihisha: "Mimi ni muuguzi, mama." Baadaye nikaacha kusahihisha. Baadaye zaidi nikawa naitika haraka. Mtu akitaka kujua nilianza kuoza lini, aanzie hapo.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Bernadeta, muuguzi wa zamani, mnene, mwenye mikono mikavu ya sabuni na sauti ya kuitia watu walio mtumbwini. Chuo kilinipa cheti. Yeye alinipa masikio. Wiki yangu ya pili wodini aliniagiza nipime wagonjwa wote kumi na wawili. Nilipima wanne kwa haki. Waliobaki niliwatazama kwa mbali, nikawagawia wote mapigo themanini na pumzi ishirini. Mama Bernadeta akaisoma karatasi amesimama.

"Wa kumi na moja anaendeleaje?"

"Vizuri, mama."

"Amekula?"

"Amelala, mama."

"Twende ukanioneshe anavyolala."

Akafunua shuka. Chini ya shuka kulikuwa na mto wa kulalia na koti kuukuu lililosokotwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameshatoroka alfajiri kuwahi treni, maana alikuwa na shamba Tabora na alishachoka na uji wetu.

"Elia," akasema Mama Bernadeta bila kupandisha sauti, "mto huu unapumua mara ishirini. Hebu hesabu tena, tusije tukaudhulumu."

Alinikalisha kitandani nikashika pembe ya mto kwa dakika nzima, saa mkononi, wodi nzima ikicheka mpaka mmoja mwenye mshono wa tumbo akaomba tumhurumie. Tangu siku hiyo, tarakimu yoyote iliyoandikwa bila kupimwa tuliita "ishirini ya mto." Muuguzi akichelewa kufika na karatasi zake zimejaa, Mama Bernadeta aliuliza, "Hizi ni za watu au za mito?"

Sasa shikeni hili. Pumzi ndicho kipimo cha kwanza kuharibika na cha mwisho kuandikwa kwa ukweli. Presha ina mashine, joto lina kipimajoto, pumzi ina macho yako tu, kwa hiyo ndiyo inayodanganywa. Ukimwambia mgonjwa unahesabu pumzi zake ataanza kupumua kama mtu wa kwaya. Usimwambie. Shika kifundo cha mkono wake, hesabu mapigo, na ukimaliza usiuachie mkono. Yeye ajue bado uko kwenye mapigo. Macho yako yahamie kifuani au tumboni, au kwenye pindo la kanga linalopanda na kushuka, uhesabu dakika nzima. Si robo dakika mara nne. Mwenye kifua kibovu anaweza kukaa robo dakika kama mzima, kisha robo inayofuata akazama.

Na kabla ya kuhesabu, salimia. Mama Bernadeta alisema wenzetu wa nchi nyingine wana mashine, sisi tuna shikamoo. Marahaba ina silabi nne. Mtu mzima mwenye kifua kizuri anaitoa yote kwa pumzi moja, na bado anabaki na pumzi ya kukuuliza mama yako hajambo. Ikikatika vipande viwili, mkalishe, uhesabu. Ikikatika vitatu, ita daktari huku unamkalisha. Asipoitikia, akatikisa kichwa tu, usimdhanie ana maringo. Na mgonjwa akiwa mdogo kwako, atakayekupa shikamoo ni yeye, sikiliza hiyo.

Lakini msidanganyike na maneno yenyewe. Watu wetu wana adabu mbaya kwa afya zao. Ukimuuliza mtu habari, ni nzuri. Ana jipu, nzuri. Amefiwa, nzuri. Nimewahi kumuuliza mzee aliyekuwa anatapika damu ameamkaje, akafuta mdomo kwa kiganja, akasema, "Salama tu mwanangu, sijui kwako." Nikiwa mgeni kazini ningeandika: mgonjwa anasema yuko salama. Sikiliza linavyotoka neno, si linachosema.

Na si neno tu. Siku moja aliletwa bibi kutoka vijiji vya ndani, hasemi ila Kiha, ndugu zake wakasema ni malaria imempanda kichwani. Mama Bernadeta akamwamkia kwa adabu zetu za Kiha, ameinama, anapiga makofi polepole. Bibi akaitikia kwa makofi. Mkono wa kulia ulikuja kwa wakati. Wa kushoto ulichelewa, ukakosa kiganja cha mwenzake, ukaangukia paja. "Elia, ita daktari, hiki ni kiharusi," akasema, bado ameinama, bado anatabasamu ili bibi asiogope. Ndugu walikuwa wameamkiana na bibi huyo tangu asubuhi. Makofi waliyaona. Hawakuyatazama.

Hayo ndiyo niliyopewa bure. Mengine niliyalipia kwa aibu. Mguu uliovimba, bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu mpaka tano, achia. Shimo likibaki, usimpe pole ya kutembea sana, mwambie daktari. Dripu usiitazame chupa tu, shika mkono wa mgonjwa; chupa inaweza kushuka vizuri huku maji yote yanaingia kwenye nyama. Asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila saa mbili. Nilikuwa nimejiwekea utaratibu wa kugeuza wagonjwa kila nikisikia adhana, nikajiona mjanja, mpaka Mama Bernadeta akanifunulia kidonda cha mgongoni kwa mmoja wao. "Kati ya adhuhuri na alasiri kuna saa ngapi, Elia? Adhana ni ya wanaosali, haikuwekwa kwa ajili ya makalio ya wagonjwa wako."

Siku hizi mna kibanio cha kidole kinachotaja kiasi cha oksijeni. Ni kitu kizuri. Lakini Ujiji ni mji wa harusi, na wanawake wanakuja wamepakwa piko nyeusi mpaka ndani ya kucha, kibanio kinachanganyikiwa. Nimemwona kijana wa chuo akimkimbizia mashine mama mmoja kwa sababu kibanio kilisema anakufa. Mama akasema, "Mwanangu, mimi nimemleta huyu," akaonesha mtu aliyelala pembeni yake, midomo imekuwa ya rangi ya maini. Tafuta kidole kisichopakwa. Kisipokuwepo, rudi kwenye macho yako. Hayo hayahitaji betri.

Mnaona najua kazi. Ndiyo ninachotaka mkione. Sikumuua Mzee Ramadhani kwa kutojua.

Asubuhi hiyo tulikuwa na wageni. Hospitali siitaji, wala wageni siwataji. Walikuwa wakubwa kutoka juu, wamekuja kukagua. Nilikuwa msimamizi wa wodi, inchaji kama tunavyosema. Tangu juzi yake metroni, mkuu wetu wa wauguzi, alikuwa anapita akigonga meza kwa kalamu: "Karatasi, Elia. Wakubwa hawamfunui mgonjwa shuka, wanafunua faili." Karatasi zetu zilikuwa na madoa ya chai, zingine zimeandikwa kwa kalamu tatu tofauti. Akaniletea mpya. Nikawa nanakili, kitanda kwa kitanda, kwa mwandiko mmoja mzuri, na kwenye safu ya pumzi nikashuka kama mtu anayepanda mistari ya mahindi: ishirini, ishirini, ishirini.

Zainabu alinikuta kwenye meza ya wauguzi. Alikuwa na mwaka mmoja kazini, binti wa Ujiji, mwembamba, mwenye tabia ya kuongea akitazama mkono wako badala ya uso wako.

"Baba, wa saba umemwandika ishirini?"

"Nimewaandika wote ishirini."

"Mimi nimemhesabu. Thelathini na sita. Nimerudia mara mbili."

"Umehesabu vibaya."

"Basi twende tukahesabu wote."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo tangu Mama Bernadeta azikwe. Nilipaswa kuinuka. Nilikuwa nimeisikia sauti ile nyuma ya pazia, nimeisikia marahaba ikivunjika. Nilibaki kwenye kiti.

"Zainabu, mwanangu. Wageni wakiona thelathini na sita watauliza daktari ameitwa saa ngapi. Daktari yuko peke yake leo, na yuko chumba cha upasuaji. Watauliza mbona mgonjwa hana oksijeni. Mashine iko mapokezi, metroni ameagiza ikae pale imefutwa vumbi, waione wakiingia. Unataka nikaibebe mbele yao?"

"Ndiyo," akasema.

Hivyo tu. Ndiyo.

"Wakishapita utaichukua. Nusu saa."

"Amekaa kama yuko kwenye cherehani, baba. Mikono kwenye magoti, shingo mbele. Anashona nguo ambayo haipo. Hana nusu saa."

"Saini hapa."

"Hii si hesabu yangu."

"Saini, wageni wako getini."

Alisaini. Alisaini kwa sababu nilikuwa na umri wa baba yake, na binti aliyelelewa vizuri huku kwetu hamwambii mtu wa umri huo kwamba anasema uongo. Nililijua hilo, vijana. Heshima aliyopewa na mama yake, nikaitumia kama kamba. Karatasi ya zamani, yenye thelathini na sita kwa mwandiko wake, niliikunja mara nne nikaitia kwenye mfuko wa koti.

Wageni walikuwa watu wapole. Walitembea na viatu vinavyolia. Walisimama mbele ya mashine ya oksijeni, mmoja akaigusa kwa kidole akasema, "Safi." Walifunua mafaili. Yuleyule wa kidole akasema hajaona wodi yenye kumbukumbu nadhifu namna ile, na metroni akanitazama kama mama anayetazama mtoto aliyeshika nafasi ya kwanza. Kisha wakapelekwa kunywa chai. Walikunywa na maandazi, wakaongea habari za barabara na joto la ziwa, na hakuna aliyekuwa na haraka, na mashine ikabaki pale mapokezi inang'aa, haina mtu.

Zainabu alifanya kila alichoweza bila mimi. Alipindua kiti cha mbao chini ya godoro upande wa kichwani, mgongo wa kiti ukawa mteremko, akamwegemeza mzee hapo na miguu akamning'inizia kando ya kitanda ili maji yaliyomjaa kifuani yashuke. Jifunzeni hilo; vitanda vya kunyanyuka havipo kila mahali, kiti kipo. Alifungua madirisha. Alikwenda mara mbili mlango wa chumba cha upasuaji, mara mbili akaambiwa daktari ana mikono ndani ya tumbo la mtu. Akanipita kwenye korido. Alinitazama mkono.

Halafu akaja Bi Mwanahawa, mke wa mzee. Siku tatu alikuwa kwenye benchi la nje na chupa yake ya uji, kila nikipita ananiambia, "Dokta, mzee wangu halali, anakesha amekaa." Sasa alikuja anatembea haraka, uso umemfunguka.

"Dokta, Mungu mkubwa! Amelala. Zainabu ametoka tu kumwita daktari, nikageuka, nikakuta mzee ameteleza kwenye ule mteremko, amejilaza mwenyewe. Chali. Ametulia kabisa. Ahsante baba, Mungu akuzidishie."

Alinishukuru. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru.

Nisikilizeni hapa kuliko popote. Mgonjwa aliyekuwa anapigania pumzi akitulia ghafla, usifurahi, kimbia. Aliyekataa kulala siku tatu hajilazi kwa sababu amepona. Amechoka kupigana. Nilikimbia, kwa mara ya kwanza siku hiyo nilikuwa muuguzi, lakini Zainabu alikuwa amenitangulia. Alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda anakandamiza kifua cha mzee, anahesabu kwa sauti, na machozi yanadondokea kwenye mikono yake mwenyewe bila kuharibu hesabu. Nililetewa mashine mbio kutoka mapokezi. Kitambaa walichoifutia vumbi kilikuwa bado juu yake.

Kabla sijawaambia yaliyotokea kwenye kikao, niwaambie yaliyofuata, maana kikao nakiogopa.

Zainabu ana duka la vitenge Ujiji. Hakuajiriwa tena popote penye wagonjwa. Lakini wanawake wa mtaa wake wakiwa na mtu anayeumwa hawaendi kwanza hospitali, wanamwita yeye, naye anafunga duka, anakwenda, anashika mkono wa mgonjwa, ananyamaza dakika nzima, kisha anawaambia: huyu mpelekeni leo, au huyu mpeni maji alale. Nimesikia hajakosea. Nilipostaafu nilimfuata nikiwa na ile karatasi. Ndiyo, nilikuwa nayo bado. Alinikaribisha kiti, akaniletea maji, akaikunjua juu ya majora ya vitenge.

"Mwandiko wangu ulikuwa mzuri," akasema.

"Zainabu, nimekuja nataka niseme ukweli."

"Kwa nani, baba?"

Nikaisogeza karatasi karibu yake.

"Mimi ukweli ninao. Bi Mwanahawa nilimwambia mwenyewe kabla ya arobaini ya mzee. Alilia, akanilaza kwake siku hiyo. Sasa wewe unataka kuniambia mimi, nikupe pole?" Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akanirudishia. "Kapeleke kwa wenye muhuri."

Nikapeleka. Niliandika barua ya kurasa mbili, nikaambatanisha ile karatasi, nikaipeleka kwa mkono. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikawekwa kwenye faili. Metroni wa siku zile alishafariki. Aliyekalia kiti chake alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Mzee wangu, haya ya zamani. Nenda kapumzike." Nimerudi kuuliza mara tatu. Kila mara nimeambiwa nikapumzike. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi, kwa jina langu na jina lake, ili kuwe na watu wanaojua nani alihesabu.

Basi kikao.

Mtoto wa Mzee Ramadhani ndiye aliyekileta. Alikuwa kijana wa shule, aliomba kuona karatasi ya baba yake, akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kama baba alikuwa anapumua vizuri asubuhi, alikufaje kabla ya adhuhuri? Wakubwa wakakaa ofisini kwa metroni. Metroni katikati, wanaume wawili wa utawala pembeni yake, mimi kwenye kiti karibu na dirisha kama inchaji wa wodi. Zainabu alisimama. Hakuna aliyemwambia akae.

"Saini hii ni ya nani?" akauliza metroni.

"Yangu."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyempima."

"Nilimpima. Nilipata thelathini na sita."

"Hapa pameandikwa ishirini."

"Naona."

"Wewe binti, sikiliza," akasema mmoja wa wanaume wale, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kumsaidia. "Ama ulipima ukaandika uongo, ama hukupima kabisa. Chagua moja, tukuelewe."

"Ama nyingine," akasema Zainabu.

"Ipi?"

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanitazama usoni.

"Baba Elia anajua," akasema. "Nilimwonesha. Karatasi ya kwanza anayo yeye. Muulizeni."

Wote wakanigeukia. Koti nililovaa lilikuwa lilelile. Karatasi ilikuwa ndani ya mfuko, upande wa kushoto, nikivuta pumzi naisikia ikinigusa. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Nilifikiria hilo, sitawadanganya kwamba nilifikiria kitu kikubwa zaidi. Nilifikiria pia jinsi watu wangeniita, nikitoka pale, kama wangeendelea kuniita Dokta.

Metroni alikuwa anajua. Ninaamini alikuwa anajua, maana karatasi mpya alizileta yeye. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayemfungulia mwenzake njia ya kupita: "Elia, kulikuwa na karatasi nyingine?"

"Sikumbuki," nikasema.

Si hapana. Hapana ingekuwa uongo wa kiume, ungeweza kuupinga. Nilisema sikumbuki, neno lisilo na mahali pa kushika, na wale wanaume wawili wakateremsha macho wakaanza kuandika.

"Zainabu," metroni akasema, "una la kuongeza?"

Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane. Alifungua kitambulisho chake cha kazi kutoka kwenye sare, akakiweka mezani, akakinyoosha kikae sawa na ukingo wa meza.

"Kitanda cha pili nimemwacha na dripu inayokaribia kuisha," akasema. "Mtu aende amwangalie, hewa isiingie. Na mkono wake wa kulia msiutumie tena, mishipa imechoka. Tumieni wa kushoto, chini ya kiwiko, taratibu, anaogopa sindano."

"Tutaangalia," akasema metroni.

Hakuna aliyeinuka. Zainabu alisubiri kidogo aone kama kuna atakayeinuka. Kisha akatoka, na mlango akaufunga kwa mikono miwili, akiuzuia usigonge, kama tunavyoufunga mlango wa wodi yenye mgonjwa aliyepata usingizi.